Sauti Tatu: Nobuo Uematsu Akisikilizwa Kutoka Sikonge

Tarehe 23 Julai 2021, wanamichezo wa mataifa zaidi ya 200 waliingia katika uwanja wa Olimpiki mjini Tokyo, viti vikiwa vitupu kwa sababu ya korona. Muziki uliowasindikiza haukuwa wa gwaride la jeshi wala nyimbo za kale za Japani. Ulikuwa muziki wa magemu. Miongoni mwa vipande vilivyopigwa na okestra siku ile kulikuwa na kimoja kifupi sana, cha sekunde chache, ambacho kwenye gemu la Final Fantasy husikika kila mchezaji anaposhinda pambano. Aliyekitunga ni Nobuo Uematsu, mtu ambaye hajawahi kukaa darasani kusomea muziki.

Naandika habari zake nikiwa mtoto wa Sikonge, na swali linalokuja nalijua: Sikonge na Final Fantasy, wapi na wapi? Huku kwetu ni asali, tumbaku, miombo na vumbi la barabara ya Ipole. Gemu kwa vijana wengi wa mkoa wa Tabora maana yake ni mpira, Barcelona na Real Madrid, mia mbili mezani na anayefungwa anapisha. Gemu la kusoma maneno mengi ya Kiingereza, la kutembea porini saa arobaini kutafuta fuwele za uchawi, nani ana muda huo?

Lakini sauti yake tuliisikia. Wa rika langu wanakumbuka yale magemu ya kaseti kutoka China ya miaka ya 1990, plastiki nyepesi, waya unachomekwa nyuma ya tivii, kaseti imeandikwa ina michezo elfu tisa kumbe ni ileile kumi inajirudia. Mashine zile zilikuwa nakala za Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kwa kuwa zilinakiliwa mpaka chipu, zilinakili na koo lake. Mlio uliotoka kwenye tivii ya mjomba Tabora mjini ulikuwa mlio uleule ambao Uematsu alipewa autungie muziki mwaka 1987. Tulichokuwa tunasikia sisi hasa kilikuwa kazi ya Koji Kondo, mtunzi wa Super Mario, lakini chombo kilikuwa kimoja.

Ni chombo cha ajabu. Kina mawimbi mawili ya mlio mkali yanayoweza kushika sauti za juu, wimbi moja laini la pembetatu ambalo kwa kawaida linapewa besi, mlio wa chakacha unaofanya kazi ya ngoma, na njia ya tano ya kuchezea vipande vifupi sana vya sauti iliyorekodiwa. Basi. Kwa mtu aliyelelewa na kwaya, na Sikonge ni mji wa Wamoraviani, kila mtu ana shangazi au kaka kwenye kwaya, picha inakuja haraka: una soprano, una alto, una besi. Tena hajaja mazoezini, na hatakuja kamwe. Sasa tunga wimbo utakaomfanya msikilizaji asigundue kuwa hayupo.

Uematsu alizaliwa tarehe 21 Machi 1959 mjini Kochi, kisiwa cha Shikoku. Alianza kujifundisha piano akiwa na miaka kama 11 au 12, akifuatisha anachokisikia, na aliyemvutia kuliko wote alikuwa Elton John. Baadaye wakaja Emerson, Lake & Palmer na wale wenzao wa roki ndefu zenye kinanda kingi. Chuo Kikuu cha Kanagawa alihitimu Kiingereza. Alipiga kinanda kwenye bendi za ridhaa, akatunga vijimuziki vya matangazo ya televisheni, na alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kukodisha muziki jijini Tokyo pale mfanyakazi wa kampuni changa ya magemu iitwayo Square alipomuuliza kama angependa kuwatungia nyimbo. Alikubali akidhani ni kibarua cha pembeni tu. Kazi yake ya kwanza kwao ilitoka mwaka 1986, gemu liitwalo Cruise Chaser Blassty ambalo leo halikumbukwi na mtu isipokuwa wakusanyaji.

Hilo duka ndipo mahali pa kusimama kidogo. Wanaoandika habari zake hulipita haraka, kama vile ni ubao wa kukanyagia kuelekea umaarufu. Mimi naona ndicho chuo chenyewe. Anayekaa duka la muziki hachagui anachokisikia: asubuhi mteja anataka roki, mchana anakuja mama wa nyimbo za mapenzi, jioni mwanafunzi anatafuta muziki wa Ireland. Wazee wetu waliokuwa na vibanda vya kudurusu kanda sokoni Tabora walikuwa hivyohivyo. Ungewaulizia Franco wangekupa, ungewaulizia Tabora Jazz wangekupa, taarabu ya Tanga ipo, kwaya nazo zilipoanza kutamba zipo. Masikio ya mtu wa namna hiyo hayana mlango.

Halafu kuna suala la kwa nini walimchukua yeye. Mwaka 1986 muziki wa gemu haukuwa kazi ya mtu mwenye diploma. Milio ile ilionekana kelele za kitoto. Mwanamuziki aliyesomea piano kwa miaka kumi na tano angekubali vipi kuandikia chombo chenye sauti tatu? Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kwa sababu wakubwa hawakuutaka, wakaingia wapenzi wa muziki wasio na vyeti. Kila mara nikisoma sifa za kipaji chake nakumbuka jambo hili, maana kipaji bila mlango wa namna ile kingebaki pale dukani.

Final Fantasy ya kwanza ilitoka tarehe 18 Desemba 1987, chini ya Hironobu Sakaguchi, ambaye naye chuo kikuu alikiacha kabla ya kumaliza. Gemu zima, picha, maneno, mapambano na muziki, lilikaa ndani ya kilobaiti 256. Picha moja ya simu ya leo inazidi hapo. Muziki ulipewa kipande tu cha nafasi hiyo.

Gemu linafunguka kwa noti zinazopanda moja moja kama mtu anayepanda ngazi, zinafika juu, zinashuka, zinapanda tena. Hakuna zaidi. Noti tatu zikipigwa pamoja ni kodi, lakini huna koo tatu za kutumia hapo, basi unazipiga moja baada ya nyingine kwa haraka na sikio la msikilizaji linaziunganisha lenyewe. Mpiga gitaa yeyote wa dansi anaijua hila hiyo, ndivyo gitaa moja linavyojaza ukumbi. Uematsu aliitumia kumrudisha yule tena asiyekuja. Zile noti zimeendelea kusikika katika sehemu nyingi za mfululizo huo mpaka leo, zikiwa zimevishwa okestra nzima, lakini mifupa ni ileile.

Jambo la pili ambalo chombo kilimfundisha ni kurudia. Wimbo wa redio una mwisho. Wimbo wa gemu hauna, kwa sababu mtunzi hajui mchezaji atakaa porini dakika mbili au saa mbili. Ukifika mwisho unarudi mwanzo, na mshono usionekane. Ukiwa mtamu kupita kiasi utachosha mara ya kumi, na ukiwa hafifu utakuwa kama jenereta ya jirani. Unatakiwa utembeke.

Hapa ndipo mtu wa Tabora anapoamka kitini, kwa sababu nchi hii ilikuwa na watunzi wa muziki wa kutembea karne nzima kabla ya Famicom. Msafara wa Richard Burton na John Speke uliondoka pwani Juni 1857 ukafika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Miezi yote hiyo ni miguu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili begani, kilo thelathini na kitu, achilia mbali chakula chake na kitanda chake. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, na baragumu la pembe likilia. Kirangozi anatoa, wapagazi wanaitikia, anatoa, wanaitikia, mpaka kambini. Burton alilalamikia kelele zao katika kitabu chake cha mwaka 1860. Mzungu aliyepanda punda ana haki ya kulalamika. Aliyebeba ndiye aliyejua wimbo ule unafanya kazi gani: unapima hatua, unaficha urefu wa njia, na hauna mwisho kwa sababu njia haijaisha.

Sisemi kwamba Uematsu aliwahi kusikia habari za Wanyamwezi. Nasema tatizo lilikuwa moja na jibu likafanana: sentensi fupi, kiitikio kinachoshika, mahali pa kupumua, kurudi mwanzo bila kujikwaa. Sikiliza wimbo wa Terra katika Final Fantasy VI ya mwaka 1994, ule unaopigwa unapovuka ramani ya dunia kwa miguu. Ngoma yake ina mwendo wa watu waliobeba mizigo. Niliusikia kwa mara ya kwanza chuoni Dar es Salaam, mshikaji wa bwenini kanipa flashi imejaa nyimbo, na sikujua hata kama ni wa gemu. Nilidhani ni wa filamu.

Kufikia hapo chombo kilikuwa kimekua. Super Famicom ilimpa njia nane za sauti na kilobaiti 64 za kumbukumbu ya sauti, ambamo alilazimika kubana vinanda, ngoma, filimbi na kila kitu. Gemu lile lina wahusika 14 wa kuchezwa na karibu kila mmoja ana wimbo wake. Katikati kuna opera. Ndiyo, opera kamili, mhusika anapanda jukwaani na kuimba, ingawa mashine haiwezi kutamka neno. Mlio unaojaribu kuwa koo la mwanamke unaimba, maneno yanaandikwa chini ya skrini, na watu wazima wanatokwa machozi. Mtu aliyesoma kanuni za opera pengine angesema haiwezekani, tusubiri teknolojia. Yeye hakusubiri, na kwa maoni yangu hicho ndicho kilele chake, si zile kazi za baadaye zenye kwaya za kweli.

Najua wengi watanipinga kwa kunitajia "One-Winged Angel" ya mwaka 1997, wimbo wa pambano la mwisho la Final Fantasy VII, wenye wanakwaya halisi wanaoimba Kilatini. Ni kazi kubwa. Mwenyewe amesimulia kwamba aliiunda kwa kuandika vipande vifupi vifupi visivyohusiana kisha kuvipanga kama fumbo la kuunganisha picha, akiwaza Stravinsky na Jimi Hendrix kwa wakati mmoja. Mwalimu wa utunzi angemkata maksi. Wimbo umepigwa na okestra za mabara kadhaa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1999 Faye Wong akaimba "Eyes on Me". Mei 2004 Los Angeles Philharmonic wakapiga Final Fantasy katika ukumbi wa Walt Disney, na miezi mitatu baadaye waogeleaji wawili wa Marekani wakatumia "Liberi Fatali" yake kwenye Olimpiki ya Athens, wakapata shaba. Mwaka 2012 wasikilizaji wa redio ya Classic FM ya Uingereza walipopiga kura ya muziki wa klasiki waupendao, wimbo wa Aerith ulishika nafasi ya 16, ukiwapita mabwana wengi waliolala makaburini Vienna. Japani wimbo wake wa mapenzi wa Final Fantasy IV umeingia hadi kwenye masomo ya muziki ya watoto wa shule. Aliyeikwepa shule kafundishwa shuleni.

Lakini neno "mwenyewe" katika "amejifundisha mwenyewe" linanikera kidogo, hasa linavyotumika huku kwetu. Likitamkwa na kiongozi jukwaani huwa na maana ya "serikali isidaiwe kitu". Uematsu hakuwa peke yake. Nyumbani kulikuwa na piano. Watayarishaji wa programu za sauti wa Square ndio waliogeuza noti zake kuwa maagizo ya chipu. Okestra zilipokuja, mtu aliyezipangia ala alikuwa Shiro Hamaguchi. "Liberi Fatali" hiyo iliyoogelewa Athens ilipita mikononi mwake. Melodi ni ya Uematsu, nani apige nini ni ya Hamaguchi. Hakuna aibu hapo. Mwenye kujifundisha anahitaji wenzake kuliko mwenye shahada, maana ana mashimo ambayo anayajua mwenyewe.

Na kuna upande wa pili ambao unatugusa Waswahili moja kwa moja. Wimbo wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy ni wa Kiswahili. Ni "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005, na maneno yake ni sala ileile inayosaliwa kila Jumapili kanisani Sikonge. Tin si wa kundi la Uematsu. Yeye kasoma Stanford, kasoma Royal College of Music London. Kazi ile aliipata kwa sababu mbunifu wa gemu, Soren Johnson, alikuwa amekaa naye chumba kimoja Stanford. Maneno yaliwekwa sawa na Chris Kiagiri, aliyekuwa wa kundi la waimbaji la chuo hichohicho, Talisman, ambalo ndilo liliimba mara ya kwanza. Mwaka 2009 Tin akaurekodi upya na Soweto Gospel Choir, na Februari 2011 tuzo ikaja.

Naupenda wimbo ule, sina kinyongo. Mara ya kwanza kuusikia nywele zilisimama. Lakini uangalie kama historia. Mwaka 1986 muziki wa gemu ulikuwa kibarua alichopewa kijana wa duka la kukodisha. Miaka 19 baadaye umekuwa kazi inayopatikana bwenini Stanford. Mlango uliokuwa wazi kwa kudharauliwa umewekewa fremu nzuri na kitasa. Lugha yetu imepita. Watu wetu wanaotunga, bado. Kijana wa Sikonge anayetaka kusomea sanaa kwa utaratibu anatazama TaSUBa, kule Bagamoyo, yaani njia ileile ya wapagazi, safari hii kwa basi na ada mfukoni.

Uematsu aliajiriwa Square mpaka 2004, akaondoka na kuanzisha kampuni yake, Smile Please. Alikuwa pia na bendi ya roki, The Black Mages, wazee wenye magitaa wakipiga nyimbo za mapambano mpaka 2010. Septemba 2018 alitangaza kusimama kazi kwa sababu ya afya, baada ya miaka ya kujichosha, kisha akarudi taratibu. Mwaka 2021 akatunga muziki wote wa Fantasian, gemu la Sakaguchi, rafiki yake wa tangu mwanzo.

Mwaka jana nilimsikilizisha wimbo wa Terra kijana mmoja wa Sikonge mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Mchana anawawekea wateja singeli na kwaya, usiku anatengeneza biti kwenye laputopu yenye betri iliyokufa, inaishi kwa waya. Kinanda hana, anabonyeza herufi. Alisikiliza mpaka wimbo ukajirudia mara ya pili, akauliza kama yule mzee alikuwa analipwa kwa wimbo au kwa mwezi.

Kwa mwezi, nikamwambia. Miaka kama 18. Na nyimbo zenyewe ni mali ya kampuni.

"Kwa mwezi," akarudia, akipunguza sauti kumhudumia mteja. "Sasa hapo si ndipo anapata muda wa kukosea."